Kabla Filamu Haijatoka: Maswali Yenu Kuhusu Maonyesho ya Awali

Wapenzi wa filamu za kubuni za kisayansi wametuandikia kwa wingi kuhusu maonyesho ya awali, yale yanayofanyika kabla filamu haijafika kwa watu wote. Malalamiko mengi yana chanzo kimoja: mtu alipata mwaliko wa aina moja akaenda na matarajio ya aina nyingine. Kuna onyesho la majaribio, ambalo filamu bado inatengenezwa na wenye nayo wanatafuta maoni. Kuna onyesho la kuitangaza filamu kwa pasi za bure. Kuna la wanahabari, kuna uzinduzi wa zulia jekundu, na kuna la kulipia, ambalo shabiki hununua tiketi yake kama kawaida ila anaiona filamu siku moja au kadhaa kabla ya wengine. Kila moja lina masharti yake kuhusu kiti, simu na mdomo. Someni mwaliko hadi maandishi madogo ya chini kabisa. Mengi tunayoyajibu hapa yameandikwa humo.

SWALI: Mimi na mwenzangu tulikuwa na pasi halali ya watu wawili, yenye msimbo wake. Tulifika dakika 20 kabla ya muda tukaambiwa ukumbi umejaa. Sasa pasi ni ya nini kama haitupi kiti?
Aliyerudishwa Mlangoni

JIBU: Pole sana, ndugu yetu. Pasi ya bure haikupi kiti, inakupa ruhusa ya kupanga foleni. Waandaaji hutoa pasi nyingi kuliko viti, na hufanya hivyo kwa makusudi. Wanajua kwamba sehemu ya waliopewa kitu bure hawatatokea, nao wanautaka ukumbi uliojaa, kwa sababu mshtuko na vicheko vya watu wengi pamoja ndivyo vinavyomfanya mtu atoke akiisifu filamu. Ndiyo maana karibu kila pasi ina mstari unaosema kwamba anayewahi ndiye anayekaa. Isitoshe, safu kadhaa nzuri za katikati hufungwa utepe kwa ajili ya wanahabari, wadhamini na wageni wa studio. Ukumbi wa viti 300 ukifungiwa safu tatu za viti ishirini ishirini, vimebaki 240 kabla mtu wa kwanza kwenye foleni hajapita mlango.

Kwa filamu ya kawaida, kufika saa nzima kabla hutosha. Kwa filamu ya kisayansi iliyosubiriwa tufanye saa mbili, na ikiwa ni mwendelezo wa mfululizo wenye mashabiki wa miaka mingi, tatu si nyingi. Angalieni pia saa iliyoandikwa kwenye pasi ni ya milango kufunguliwa au ya filamu kuanza, maana wengi huchelewa hapo. Pasi ya watu wawili inataka watu wawili waliosimama pamoja: mlinzi anahesabu vichwa, wala hakubali habari ya “mwenzangu yuko njiani”. Chapisheni pasi hata kama mnayo kwenye simu, kwa kuwa kioo kilichopasuka au chenye mwanga hafifu hukataliwa na mashine ya kusoma msimbo. Tena msiitume picha ya pasi kwenye kundi lolote. Msimbo husomwa mara moja tu, na atakayefika nao kwanza ndiye atakayeingia.

Mkiambiwa umejaa, msikimbilie kuondoka. Viti vya utepe ambavyo wenyewe hawakuja huachiwa dakika 10 au 15 kabla ya filamu kuanza. Mtafuteni mwenye orodha ya majina, si mlinzi wa mlangoni, mumuulize kwa upole kama ipo foleni ya kusubiri. Na anayekuuzia pasi iliyoandikwa kwamba haiuzwi, mwache. Ama ni ya bandia, ama ameshaiuza kwa watu watano.

SWALI: Dada mmoja alinisimamisha nje ya jumba la sinema, akaniuliza umri wangu na filamu nilizoziona karibuni, kisha akanialika nikaone “filamu ya kisayansi kuhusu safari ya mbali”. Hakutaja jina. Natakiwa kutia saini mkataba wa kutunza siri. Ni utapeli? Na kama si utapeli, mtu kama mimi niliyezama katika fani hii nisaidie vipi?
Mtunza Siri

JIBU: Hivyo ndivyo watu wa maonyesho ya majaribio wanavyokusanywa. Utapeli utautambua ukidaiwa pesa au namba za kadi ya benki. Umri na jinsia huulizwa ili kujaza mafungu yanayotakiwa ukumbini. Ataulizia pia kama wewe au mtu wa karibu yako anafanya kazi kwenye filamu au vyombo vya habari, na jibu la ndiyo kwa kawaida hukuondoa. Sema ukweli hata hivyo, kwa kuwa saini yako itakuwa chini ya majibu hayo.

Jiandae kuona kitu kibichi. Chombo cha anga kinaweza kuwa umbo la kijivu lisilo na madirisha. Kiumbe wa sayari nyingine anaweza kuwa mpira wa tenisi juu ya fimbo, na mwigizaji anaulilia kwa machozi ya kweli. Nyuma ya watu kutakuwa na pazia la kijani au la buluu, namba za muda zitakimbia pembeni ya picha, na pengine pambano zima litakuwa michoro inayofuatana. Muziki huwa wa kuazima kutoka filamu nyingine. Hakuna filamu zinazoumia kwenye hatua hii kama za kisayansi, kwa sababu nusu ya dunia yao bado haijachorwa. Usizipunguzie alama kwa hayo, wenyewe wanayajua. Wanachohitaji kutoka kwako ni kitu ambacho hawawezi tena kukiona, baada ya kuitazama filamu hiyo kila siku kwa miezi: kama mtu anayeiona mara ya kwanza anaelewa nani anataka nini, na sheria za dunia ile zinamwingia.

Taa zikiwaka utapewa hojaji. Swali la kwanza karibu kila mara ni la jumla, lenye ngazi tano kutoka “bora sana” hadi “mbaya”. Wanaohesabu huangalia zaidi asilimia ya waliochagua ngazi mbili za juu, pamoja na waliosema kwamba hakika watawashauri wengine waione. Maana yake, “nzuri” ya ngazi ya tatu, ambayo wengi wetu huiweka kwa adabu, inasomeka kama “haikunishika”. Kama ilikushika, panda juu. Kama haikukushika, usiogope kushuka.

Sehemu zenye mistari ya kuandika ndizo zenye thamani, nazo ndizo watu huzikimbia wakiwahi usafiri. Tenganisha mambo matatu: sikuelewa, sikuamini, sikupenda. Dawa zake hazifanani. Asiyeelewa anaweza kusaidiwa kwa sentensi moja iliyorekodiwa upya, au kwa kuhamisha tukio mbele. Asiyeamini anadai sababu ya mhusika ijengwe mapema zaidi. Asiyependa huenda hana dawa, lakini sababu yake bado inawafaa. Kisha taja mahali. “Katikati inachosha” haimsaidii mhariri wa picha. Andika: “Baada ya chombo kutua, sikuelewa kwa nini rubani alirudi peke yake.” Hapo anajua afungue tukio lipi.

Wewe shabiki una hatari moja ya ziada. Unaziba mapengo kwa maarifa yako bila kujua. Kama uliielewa safari ya kasi kuliko nuru kwa sababu umesoma riwaya ishirini zenye kitu hicho, au kwa kuwa umesoma kitabu chenyewe, liandike hilo waziwazi: “Nimeelewa kwa sababu nilikuwa nikijua tayari.” Sentensi hiyo ina faida kuliko kurasa za sifa. Usiwatungie mwisho mpya. Na andika kabla hujazungumza na jirani, kwa kuwa maoni ya jirani huambukiza haraka sana.

Watu kama 20 huombwa kubaki kwa mazungumzo. Ukiombwa, baki. Msimamizi ataanza kwa kuomba mikono iinuliwe, nawe inua kulingana na ulichokiandika, hata kama uko peke yako upande wako.

Maoni haya yana uzito, tena uzito unaoweza kuangukia pabaya. Blade Runner ilionyeshwa kwa majaribio huko Denver na Dallas mnamo Machi 1982, watazamaji wakasema imewachanganya na imewahuzunisha. Filamu ilipotoka Juni mwaka huohuo ilikuwa imeongezwa sauti ya mhusika mkuu akisimulia, na mwisho wenye matumaini. Mwaka 1992 likatolewa toleo lisilo na vyote viwili, na leo wapenzi wengi wa fani wanalithamini kuliko lile la 1982. Watazamaji wale hawakukosea kusema wametatizika. Ila tatizo lililotajwa kwa jumla hutibiwa kwa jumla, ndiyo maana tunakazania mahali na sababu. Na mwongozaji hubadilisha hata baada ya filamu kuanza kuonyeshwa: Stanley Kubrick alikata takriban dakika 19 kutoka 2001: A Space Odyssey siku chache tu baada ya maonyesho yake ya kwanza, Aprili 1968.

SWALI: Nimejitengenezea vazi zima la askari wa anga: kofia, bamba la kifua, la mgongo na ya mapajani kwa sponji ngumu, taa kifuani na bunduki ya plastiki. Naweza kulivaa kwenye onyesho la mashabiki?
Fundi wa Sponji

JIBU: Bunduki iache nyumbani, hata ikiwa ya rangi ya chungwa na nyepesi kama boksi. Julai 2012 mtu mwenye silaha aliua watu 12 ukumbini huko Aurora, Colorado, wakati wa onyesho la usiku wa manane. Baada ya hapo kampuni za kumbi, AMC ikiwa mojawapo, zilikataza silaha za bandia na barakoa zinazofunika uso. Masharti kama hayo utayakuta katika kumbi nyingi, na kwenye onyesho la awali walinzi huwa wengi kuliko siku za kawaida. Kofia ibebe mkononi, uso ukiwa wazi, tangu nje. Uliza mapema kama wana mahali pa kuhifadhia mizigo, kwani kofia kamili haiingii chini ya kiti, na ukiipakata inamziba wa nyuma au inakuumiza wewe.

Kazi iliyobaki ni kulifanya vazi likae. Vazi la maonyesho ya jukwaani limetengenezwa kwa kusimama, nawe utaketi saa mbili hadi tatu. Sponji ngumu ya aina ya EVA, yenye unene wa milimita 10, haikunjiki nyongani: bamba la kifua hupanda juu likakusukuma kidevu, na mabamba ya mapaja huchimba kinena. Yafunge kwa vishikizo vya kubana au kwa velkro ili yatoke. Velkro hutoa mlio mkali wa kupasuka, kwa hiyo yavue kabla taa hazijazimwa, si katikati ya tukio la kimya. Upana wa kiti cha sinema mara nyingi ni kati ya sentimita 50 na 60, basi pima mabega yako kwa futi ya fundi cherehani. Yakizidi hapo, yawe ya kutolewa. Wiki moja kabla, livae lote ukae kwenye kiti chenye mikono kwa nusu saa. Kasoro zote zitajitokeza zenyewe.

Taa zote ziunganishwe kwenye swichi moja unayoifikia bila kuinama, na ukishakaa chomoa betri kabisa, kwa kuwa swichi huguswa na mkanda au mkono wa jirani. Sponji haipitishi hewa. Ndani vaa nguo nyembamba inayofyonza jasho, na hakikisha unaweza kwenda msalani bila msaidizi. Rangi ya usoni ifungwe kwa poda na dawa ya kuikausha, kisha ubonyeze shavu kwa karatasi ya shashi. Ikitoka na rangi, itabaki pia kwenye kiti na kwenye miwani ya 3D, ambayo mtu mwingine ataivaa baada yako.

SWALI: Mwaliko unasema simu zitafungwa kwenye pochi. Nina watoto wawili nyumbani na mlezi. Nitapatikanaje?
Mama wa Wawili

JIBU: Dada yetu, simu haichukuliwi. Inaingizwa kwenye pochi yenye kufuli ya sumaku, nawe unakaa nayo. Ukihitaji kuitumia unatoka hadi eneo la nje, mhudumu anaifungua, unaongea, inafungwa tena. Mwachie mlezi namba ya simu ya jumba la sinema, jina la ukumbi, safu yako ikiwa viti vina namba, na saa filamu inayotarajiwa kwisha. Wahudumu watakuja kukuita. Chagua kiti cha mwisho wa safu.

Kabla pochi haijafungwa, zima kengele zote za simu halafu uizime simu yenyewe. Kosa linalojirudia ni hili: simu iliyo kwenye ukimya bado hupiga kengele ya kumeza dawa au ya kuamka, na ikiwa ndani ya pochi hakuna wa kuinyamazisha. Saa janja nazo mara nyingi hufungiwa humo. Mwenye kipimo cha sukari au kifaa kingine cha tiba kinachosomeka kwa simu aandike kwa waandaaji siku kadhaa kabla, aje na jibu lao, maana mlinzi wa mlangoni hana mamlaka ya kuamua. Kubalianeni pia na wenzako mtakutana wapi filamu ikiisha. Watu 300 wakifunguliwa pochi kwa pamoja, hapapitiki.

Ukali huu una sababu. Nakala iliyorekodiwa ukumbini kabla ya filamu kutoka inaweza kusambaa duniani usiku uleule. Ndiyo maana utaona walinzi wakitembea pembeni, wengine na darubini za kuonea gizani. Ndani ya picha na sauti mna alama fiche isiyoonekana, inayojirudia katika kila dakika tano za filamu, ikieleza mtambo uliotumika na muda wake. Nakala ya wizi ikipatikana, ukumbi na saa vinajulikana. Marekani, sheria ya 2005 inaruhusu kifungo cha hadi miaka mitatu kwa kosa la kwanza la kurekodi filamu ukumbini.

SWALI: Tulikaa dakika 40 mbele ya skrini nyeusi. Tukaambiwa “ufunguo haujafunguka”, halafu onyesho likaahirishwa. Ufunguo gani huo? Si waende stoo wakaulete?
Mwenye Subira

JIBU: Ni ufunguo wa kidijitali. Filamu hufika ukumbini ikiwa mafaili yaliyofungwa kwa msimbo, kwa diski, kwa setilaiti au kwa intaneti. Hayafunguki bila faili jingine dogo, lililotengenezwa kwa ajili ya seva moja tu, yaani kompyuta inayoendesha filamu, katika ukumbi mmoja tu, lenye saa ya kuanza na ya kwisha kufanya kazi. Filamu ikiwa imeshatoka, ufunguo hudumu siku au wiki, kwa hiyo kosa hugunduliwa mapema. Kwenye onyesho la awali muda huo huwa mfupi, pengine saa chache tu, na mafundi hawapati nafasi ya kufanya jaribio kamili.

Hukwama kwa njia chache zinazojulikana. Seva ilifanyiwa matengenezo au ikabadilishwa, na ufunguo umetolewa kwa ile ya zamani. Saa ziliandikwa kwa majira ya nchi nyingine. Ufunguo ni wa toleo la 3D na iliyopakiwa ni ya kawaida, au ni wa toleo lenye maandishi ya tafsiri. Wakati mwingine mafaili yenyewe, ambayo ni ya gigabaiti mia na zaidi, hayajamaliza kunakiliwa. Ufunguo mpya hutumwa kwa barua pepe, na mtu akipatikana upande wa pili mambo hunyooka chini ya saa moja. Ikiwa ni usiku au siku ya mapumziko, ndipo mnapoahirishiwa.

Kwa hiyo dakika 40 za kusubiri huenda hazikuwa uzembe wa mafundi. Wakati huo kaeni vitini na mshike vipande vya tiketi. Aliyelipa adai pesa yake au onyesho jingine. Wa pasi ya bure hana dai, lakini aache jina na barua pepe kwa mwenye orodha, kwani waandaaji wengi huwapa kipaumbele safari inayofuata.

Kuna jambo lingine tunalotaka mashabiki walizoee. Siku hizi mitambo hujiendesha, na mara nyingi hakuna mtu chumbani anayeitazama picha. Nyuso zikiwa zimevutwa kwa urefu, maneno yakisikika pembeni tu na si katikati, au kina cha 3D kikiwa kimegeuka hivi kwamba vya nyuma vinaonekana mbele, inuka dakika zile za mwanzo ukamwambie mhudumu. Wote hudhani mwingine ameshasema.

SWALI: Viti havina namba. Nikiwa wa kwanza kuingia, nikae wapi?
Macho Manne

JIBU: Katikati, takriban theluthi mbili ya ukumbi kutoka kwenye skrini. Mafundi wa sauti hupimia maeneo hayo, na skrini hujaza macho bila kukugeuza shingo. Kwenye skrini kubwa mno kama za IMAX panda juu zaidi, theluthi ya nyuma. Ukilazimika kuchagua, pembeni ya safu nzuri kunashinda katikati ya safu ya kwanza, isipokuwa kwa 3D, ambayo kina chake huharibika ukikaa pembeni sana. Wewe mvaa miwani, vaa ile ya 3D juu ya yako, uisafishe kwa kitambaa laini kikavu. Picha ya 3D huwa na giza kidogo kwa asili yake, na alama za vidole huizidishia.

SWALI: Ndugu yangu ana kifafa kinachochochewa na mwanga wa kumetameta, naye anaipenda fani hii kupita kiasi. Aende?
Anayemjali

JIBU: Tungemshauri asubiri. Onyesho la awali ndilo baya kwake, kwa kuwa filamu haijaonwa na watu na maonyo ya mwanga mara nyingi hayajatolewa. Mimweko ya kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde ndiyo inayochochea zaidi, nayo imejaa kwenye filamu za vita vya anga na maabara zinazoungua. Filamu ikishatoka, atafute maelezo ya matukio yenye mimweko, azungumze na daktari wake, akae nyuma, asiende peke yake, asiwe amekosa usingizi wala dozi. Mimweko ikimkuta, azibe jicho moja kabisa kwa kiganja na ageuze uso pembeni. Kufumba macho yote mawili hakutoshi, maana mwanga hupenya kope.

SWALI: Nina ukurasa wa kuandika kuhusu filamu. Baada ya onyesho la awali naruhusiwa kusema nini, na lini? Na ninakumbukaje mambo bila simu?
Kalamu Gizani

JIBU: Inategemea mlango ulioingilia. Kwenye onyesho la majaribio, usiseme kitu, hata filamu ikishatoka: uliyoiona huenda siyo iliyotoka. Kwenye onyesho la wanahabari kuna zuio la muda, na mara nyingi ni mawili: moja la maoni mafupi kwenye mitandao, jingine la uchambuzi kamili siku kadhaa baadaye. Uliza yanaisha saa ngapi, na saa za wapi. Kwenye onyesho la mashabiki, kusema mara nyingi ndiyo shabaha yenyewe. Mwaka 2005 studio ya Universal ilianza kuwaonyesha mashabiki wa Marekani filamu ya Serenity mwezi Mei, ikiwa bado haijakamilika, ilhali ilitoka Septemba, ili neno litangulie.

Kuruhusiwa kusema si kuruhusiwa kumwaga mtama. Kipimo chetu: kilichomo kwenye tangazo la filamu ni halali, ulichokigundua katika theluthi ya mwisho si chako kukitoa. Usiandike hata “kuna mgeuko mkubwa mwishoni”. Msomaji ataketi akiusubiri, na utakuwa umemnyang'anya.

Kuhusu kukumbuka, chukua daftari la ukubwa wa kiganja na penseli, au kalamu isiyobonyezwa. Andika maneno, si sentensi, kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi. Kidole gumba cha mkono wa pili kiwe kwenye mstari ulioandika ili usirudi juu yake, na tukio jipya likianza fungua ukurasa mpya. Ndani ya saa moja baada ya kutoka, yaandike upya yote. Kesho yake hutayasoma. Kwenye onyesho la majaribio daftari lenyewe huweza kuzuiwa, basi usije nalo.

SWALI: Wahariri, shikamooni. Mwongozaji atakuwepo na kutakuwa na kipindi cha maswali. Nimeandika hadithi yangu ya filamu. Naweza kumkabidhi?
Mwandishi Chipukizi

JIBU: Marahaba, mwanetu. Usimkabidhi. Watu wa studio hukataa miswada isiyoombwa kwa sababu za kisheria: wakiipokea, kisha wakatoa kitu kinachofanana nayo kwa bahati tu, wanaweza kushtakiwa kwa wizi. Atairudisha mbele za watu, au walinzi wataichukua, nawe utaumia bure. Tumia nafasi hiyo kuuliza. Kipindi huwa cha dakika 20 au 30, maswali sita au saba. Inua mkono mapema, uliza jambo moja kwa sentensi mbili, lihusu kazi uliyoiona: kwa nini sauti ilikatika chombo kilipolipuka, kwa nini lugha ya wageni wale haikutafsiriwa, tukio la kutembea juu ya dari lilipigwaje. Swali linaloanza kwa dakika tatu za sifa hukatwa na msimamizi kabla halijafika.